Barua Pepe ya Saa Kumi na Dakika Ishirini

Jumatatu moja, saa tatu na nusu asubuhi, Mwanaidi alikuwa ofisini kwake Old Korogwe akipuliza vumbi kwenye kibodi. Ofisi hiyo ilikuwa chumba kimoja chenye dirisha la nondo. Zamani kilikuwa stoo ya marobota ya mkonge, na sasa kilikuwa Idara ya Masoko ya Bustani ya Tabasamu. Idara nzima ilikuwa yeye, kompyuta mpakato moja na feni iliyopuliza upande wa ukutani. Nje ya dirisha kulikuwa na bembea sita, puto kubwa la kurukia, bwawa la kina cha magoti na treni ya betri iliyozunguka mwarobaini. Juu ya geti paliandikwa kwa rangi ya chungwa: FAMILIA PAMOJA.

Meneja, Madam Joyceline, alikuwa ametoka semina ya siku mbili Dar es Salaam. Alirudi na mkoba wa kitambaa, kalamu tatu na sentensi moja. Sentensi hiyo ilisema kwamba kwenye tangazo la barua pepe maneno si kitu, kitu ni saa ya kulituma.

"Mzazi ana dakika moja kwa wiki ambayo moyo wake unalainika," alimwambia Mwanaidi. "Sisi tunaitaka hiyo dakika."

"Iko siku gani, madam?"

"Hiyo ndiyo kazi yako."

Mwanaidi akaanza kuitafuta. Barua za Jumatatu asubuhi ziliwakuta wazazi wakifokewa na mabosi wao. Za Ijumaa mchana ziliikuta nusu ya orodha msikitini, na za Jumapili asubuhi ziliikuta nusu nyingine kanisani. Mwisho wa mwezi wazazi walikuwa na hela lakini hawakuwa na moyo laini, na katikati ya mwezi ikawa kinyume chake. Kwa wiki sita barua zilifunguliwa na watu wanne. Mmoja alikuwa Madam Joyceline akikagua, na mwingine alikuwa Mwanaidi mwenyewe akijaribu kama zinafunguka.

Mwanaidi alikuwa na binti wa miaka saba, Zamda, aliyekuwa akilelewa na bibi yake, Bi Shamsia, mama mzazi wa Mwanaidi, katika kijiji cha Kwedimsasa upande wa Handeni. Si mbali. Unapanda basi la Handeni, unashuka njia panda, unatembea nusu saa. Lakini bustani ilifunguliwa siku zote saba, na Jumamosi na Jumapili, ambazo ni siku za familia kuwa pamoja, hakuna mfanyakazi aliyeruhusiwa kwenda kwenye familia yake. Mapumziko ya Mwanaidi yalikuwa Jumanne kuanzia saa nane mchana, muda unaotosha kufua. Likizo ya mwaka ilikuwepo kwenye mkataba, ukurasa wa tatu, nayo iliishi hapo hapo. Mara ya mwisho kufika kwao ilikuwa Idi, tena Idi yenyewe ya mwaka jana.

Kila Alhamisi, Zamda akitoka shule, alimpigia mama yake kwa kitochi cha bibi. Hakuwa mtoto wa kulalamika. Alitoa taarifa: jino limeng'oka, kuku mweupe ameatamia, mwalimu wa hesabu amehamishwa. Mwishoni aliuliza swali lile lile.

"Mama, leo wamekuja watoto wangapi kwenye bembea?"

Mwanaidi alimtajia idadi. Zamda akasema "wengi" au "wachache", kulingana na siku, kisha akakata ili asimalize salio la bibi. Baada ya hapo Mwanaidi alibaki ameshika simu, na katika muda huo mtu yeyote angeweza kumuuzia chochote, hata kiwanja chenye kesi. Aliumia, tena sana. Lakini alikuwa mtu wa kazi, na Alhamisi moja, huku bado anaumia, aliangalia saa ya ukutani. Ilikuwa saa kumi na dakika ishirini jioni.

Wiki iliyofuata alizipanga barua mia tatu zitoke dakika hiyo. Kichwa cha barua kilikuwa "Mtoto wako anakuulizia." Ndani aliweka picha ya bembea isiyo na mtu.

Barua zilitoka saa kumi na dakika ishirini. Dakika tatu baadaye Efrazia, mama wa makamo aliyekuwa mkata tiketi wa getini, alichungulia dirishani.

"Mwanaidi, nina watoto arobaini na mmoja hapa."

"Wameletwa na gari gani?"

"Hawajaletwa. Wamefika."

Mmoja alishika kijiko cha uji. Mwingine alikuwa na povu la sabuni kichwani. Wa Lutindi, kule milimani, alivaa masweta mawili, kwa sababu Lutindi kulikuwa na baridi siku hiyo. Mzazi alifungua barua, moyo ukalainika, mtoto akafika. Utaratibu haukuwa na zaidi ya hapo. Efrazia alilalamikia povu tu, kwamba litachafua bwawa.

Mwanaidi aliwapigia wazazi mmoja mmoja. Baba mmoja wa Manundu, afisa wa idara fulani, alishukuru kwa dhati. "Ameshafika? Afadhali. Nilikuwa najiuliza nitamleta lini." Mama mmoja aliuliza kama bustani ina choo. Wote waliahidi kutuma kiingilio kwa simu, na wengi wao walituma. Adhana ya magharibi ilipomalizika, watoto walirudi kwa njia ile ile waliyojia, kila mmoja kwa mzazi aliyemfungulia barua, popote mzazi huyo alipokuwa. Mtoto wa yule afisa alitua juu ya meza ya kikao cha bajeti. Wajumbe walisogeza chupa za maji, kikao kikaendelea.

Madam Joyceline hakupoteza muda wa kushangaa, maana kwenye semina walikuwa wameonywa kwamba mafanikio huja ghafla. Aliweka bango jipya la USAFIRI BURE. Aliagiza mabenchi ya wazazi yaondolewe, kwa kuwa hayakuwa na mtu wa kuyakalia, na mahali pake pakawekwa puto la pili la kurukia. Kwa ajili ya usalama alitunga kanuni kwamba mteja aliyekuja kwa barua haruhusiwi kutoka getini kabla ya magharibi. Neno FAMILIA lilipakwa rangi upya.

Efrazia ndiye aliyeshinda nje na watoto, kwa hiyo ndiye aliyeona. Nusu saa ya kwanza hawakucheza. Walijipanga kwenye uzio wakaangalia barabara.

"Wanasubiri zamu ya bembea," alisema Madam Joyceline.

"Bembea ziko tupu, madam."

"Basi tuongeze bembea."

Zikaongezwa mbili.

Mwanaidi alikuwa na hesabu yake moyoni tangu ile Alhamisi ya kwanza. Kama barua inaweza kumleta mtoto kutoka Lutindi, inaweza kumleta mtoto kutoka Kwedimsasa. Yeye mwenyewe alishaifungua na hakuna aliyefika, maana barua hailainishi moyo wa aliyeiandika. Bi Shamsia alikuwa na anwani ya barua pepe. Handeni karibu kila mtu anayo, kwa sababu kulipita kipindi ambapo kila fomu iliidai: fomu ya mbolea, fomu ya kikundi cha kuku, fomu ya shule. Valentino, mwenye steshenari karibu na stendi ya Handeni, alimfungulia kila aliyekuja. Namba ya siri aliiandika kwenye daftari lake, na anwani zote aliziunganisha na simu yake mwenyewe, maana wateja walikuwa wanawahi magari. Fomu zikapokelewa, mambo yakaisha. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuuliza barua pepe yake inaendeleaje, na hakuna aliyeona ajabu. Anwani ni ya kujazia fomu, na fomu ilishajazwa.

Mwanaidi akamwandikia meneja pendekezo la kurasa mbili lenye kichwa "Handeni: Soko Jipya". Madam Joyceline alilipenda kabla ya kulisoma. Valentino alituma orodha ya anwani mia moja themanini na sita, na ya Bi Shamsia ilikuwa ya kumi na tisa kutoka juu.

Alhamisi hiyo Mwanaidi alisimama getini na pakiti ya ubuyu na viatu vya wazi vya kukisia. Hakuwa na uhakika mguu wa mtoto wa miaka saba ulifikia namba ngapi, na jambo hilo lilimkera kuliko alivyotarajia.

Alifika mtoto wa kike wa miaka minane, sweta la kijani lililotoboka kiwiko, wino wa bluu kwenye kidole gumba. Nyuma yake akafika yeye mwenyewe. Nyuma yake tena, yeye.

"Jina?" aliuliza Efrazia.

"Salome Valentino."

"Na wewe?"

"Salome Valentino."

Efrazia aliandika yote kwenye daftari la wageni. Alipofika wa sitini aliacha kuandika, akaendelea kwa vistari vya "kama hapo juu". Zamda hakuwemo. Mwanaidi alisubiri hadi Salome wa mwisho, kisha akampigia Valentino.

"Kaka Valentino, habari za saa hizi. Barua zetu umezifungua?"

"Zote, dada yangu. Simu ilijaa. Nafungua nafuta, nafungua nafuta."

"Na Salome yuko wapi?"

Kwenye simu ilisikika mashine ya fotokopi ikivuta karatasi.

"Si yupo hapa nyuma yangu? Huwa anafanyia hapa homuweki." Mashine ikanyamaza. "Alikuwepo. Sijageuka tangu saa nane."

"Yuko huku. Wako mia moja themanini na sita."

"Wazima wote?"

"Wazima."

"Basi hakuna neno, dada. Nina mtu hapa wa kadi za harusi."

Valentino alikuwa amesoma mara mia moja themanini na sita kwamba mtoto wake anamuulizia. Mara zote hizo moyo wake ulilainika, na mara zote hizo hakugeuka nyuma. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na wateja. Kina Salome walijipanga kwenye uzio, wakatosha kuizunguka bustani nzima pande nne, wakaangalia barabara. Mwanaidi alimpa ubuyu Salome aliyekuwa karibu, akarudi ofisini. Siku iliyofuata Salome, akiwa tena mmoja, hakwenda shule, kwa uchovu wa watu mia moja themanini na sita, na Madam Joyceline alimtumia Valentino cheti cha Mteja Bora wa Mwezi.

Mwanaidi aliomba ruhusa ya kwenda Handeni. Aliita safari hiyo "kusafisha orodha", kwa sababu safari ya kumuona mtoto isingepata ruhusa.

"Nenda Alhamisi," alisema Madam Joyceline. "Lakini saa kumi uwe kwenye kiti. Barua hazijitumi."

Barua zilikuwa zinajituma. Ndiyo maana ya kuzipangia saa. Ila meneja hakupenda kuona kiti kitupu.

Mwanaidi alipanda basi la asubuhi akiwa na simu yake ya zamani ya tachi kwa ajili ya mama yake. Walipita njia panda ya Kwedimsasa, akakiangalia kile kinjia cha udongo mwekundu mpaka kikaisha dirishani. Handeni umeme ulikuwa umekatika, ukarudi saa sita. Valentino alilitafuta jina la Bi Shamsia kwenye daftari, akalipata kati ya mtu wa mbolea na mtu wa leseni, akaihamishia anwani kwenye ile simu. Nyuma ya mashine ya fotokopi palikuwa na kibao kidogo kisicho na mtu, maana Salome alikuwa shule.

Bi Shamsia alikuwa ameletwa na bodaboda, na trei mbili za mayai za kuuza sokoni. Kabla ya kuingia dukani alisimama mlangoni akimtazama binti yake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Umekonda wewe."

"Kazi tu, mama. Zamda hajambo?"

"Hajambo. Shuleni saa hizi." Alipokea simu kwa mikono miwili. "Kwa hiyo nikibonyeza hapa, mtoto anakuja huko kwako?"

"Anakuja, mama. Saa kumi na dakika ishirini. Giza likianza kuingia anarudi kwako mwenyewe."

Bi Shamsia aliigeuza simu, akaitazama na mgongoni.

"Na wewe huwezi kuja?"

"Kazi, mama."

"Haya," alisema Bi Shamsia, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kusema "haya" hiyo mara nyingi.

Katika haya yote palikuwa na jambo moja ambalo Mwanaidi hakulifikiria, na huwezi kumlaumu. Kijijini kwao mtoto anayelelewa na bibi ni mtoto wa bibi. Zamda aliitwa mtoto wa Bi Shamsia kisimani, madukani na zahanati. Shuleni, kwenye nafasi ya mzazi, paliandikwa Shamsia, na mwalimu hakuuliza zaidi. Mwanaidi mwenyewe aliwahi kumsikia jirani akisema "yule mtoto wako, Bi Shamsia", na akaitikia kwa kichwa pamoja na wengine.

Basi la kurudi lilipita tena njia panda, saa nane na nusu. Zamda angetoka shule baada ya nusu saa. Konda aliuliza kama kuna anayeshuka. Mwanaidi alihesabu: akishuka, saa tisa atakuwa amemshika mtoto wake, na saa kumi kiti kitakuwa kitupu. Hakushuka. Alikuwa anakwenda Korogwe kumsubiri mtoto aliyekuwa mwendo wa nusu saa kutoka alipokaa. Ulikuwa ujinga, naye aliujua, na alilia kidogo huku akijifanya anasoma tiketi.

Saa kumi alikuwa kwenye kiti. Saa kumi na dakika ishirini barua zikatoka. Saa kumi na dakika ishirini na mbili Bi Shamsia, akiwa uani kwake, alibonyeza alipoelekezwa. Alisoma taratibu, kwa kidole, kwamba mtoto wako anakuulizia. Moyo wake ukalainika, na mtoto wake akafika.

Mwanaidi alijikuta amesimama getini, kalamu mkononi, nyuma ya mtoto wa Mombo na mbele ya Salome wa kwanza. Barua ilikuwa haijui habari za kisimani wala za fomu ya shule. Bi Shamsia alizaa mtoto mmoja, naye alikuwa na miaka thelathini na moja.

"Jina?" aliuliza Efrazia.

"Efrazia, ni mimi."

"Nakuona. Jina?"

"Mwanaidi."

"Mzazi yupo?"

"Hayupo."

Efrazia aliandika "hayupo", kama alivyowaandikia wengine wote. Mwanaidi alitaka kurudi ofisini, lakini mlango wa ofisi ulikuwa nje ya geti, na kanuni ya magharibi iliandikwa na yeye mwenyewe kwa kuamriwa na meneja. Muda si mrefu Madam Joyceline alitokea kwenye dirisha la nondo.

"Mwanaidi, kiti kiko kitupu."

"Nimekuja kwa barua, madam."

Meneja alilitafakari suala hilo kiutawala.

"Basi hii ni likizo yako," alisema. "Nitaijaza kwenye fomu. Lakini ripoti ya leo naitaka kesho saa mbili asubuhi."

Mwanaidi hakuwa na la kufanya, akaenda kwenye uzio. Hakukusudia kuangalia barabara. Ila alipofika pale aliona hakuna kitu kingine cha kuangalia. Lori la mbao lilipita, ikapita pikipiki yenye kuku, akapita mwanamke mwenye mwavuli ambaye kwa mbali alitembea kama Bi Shamsia, na alipokaribia hakuwa yeye. Moyo ulimruka kisha ukakaa. Alielewa sasa kwa nini bembea zilikuwa tupu, na akatamani asingeelewa, kwa sababu barua iliandikwa na yeye.

"Na wewe unamsubiri nani?" aliuliza Salome mmoja pembeni yake.

"Mama yangu."

"Atakuja?"

"Hapana."

Salome alisogea kumpa nafasi ya kushika waya. Walikaa hivyo mpaka nusu saa ilipokwisha, ndipo wakaenda kwenye bembea.

Adhana ilipomalizika, Mwanaidi alitua Kwedimsasa, uani kwa Bi Shamsia, kando ya jiko la mafiga. Bi Shamsia alikuwa anamenya muhogo. Alimtazama binti yake, akaongeza muhogo mwingine kwenye sufuria. Zamda alikuwa kwenye jamvi anapukuchua mahindi. Mapengo mawili mbele, miguu mirefu kuliko ya Idi. Hakupiga kelele. Aliweka gunzi chini, akapangusa mikono kwenye gauni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mwanaidi akamkumbatia, akamnusa kichwani. Zamda alisubiri amalize. Kisha akamsogezea mahali pa kukaa kwenye jamvi, akamtazama usoni.

"Unaondoka saa ngapi?"

Mwanaidi alifikiria kudanganya. Aliona mtoto anasubiri saa tu, si zaidi.

"Saa kumi na moja alfajiri. Nawahi basi njia panda."

Zamda aliitikia kwa kichwa. Aliomba simu ya bibi, akaweka kengele ya saa kumi, akafikiri, akaweka na nyingine ya saa kumi na robo, ili mama asije akachelewa kazini. Halafu akarudi kwenye mahindi yake.